Albamu Ipendwayo na Ladha ya Msikilizaji

Albamu ipendwayo ni mkusanyo wa nyimbo ambao mtu huusikiliza kwa miaka mingi hadi ukawa kipimo chake cha muziki mwingine wote. Nguvu yake haitokani na uzuri wa nyimbo peke yake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kuwa binadamu huelekea kupenda zaidi kile anachokutana nacho mara kwa mara, na albamu imeumbwa kwa ajili ya kurudiwa. Santuri ndefu, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948, ilibeba dakika 20 na ushei kila upande. Aliyeiweka aliiacha izunguke mpaka sindano ifike mwisho, na hata wimbo uliomchosha siku ya kwanza ukapata nafasi ya kuzoeleka. Kaseti ya Philips, iliyotoka mwaka 1963, ilihamishia mazoea hayo hadi ndani ya gari.

Ni kaseti ya namna hiyo iliyombadilisha mwimbaji wa Marekani, Paul Simon. Mwaka 1984, baada ya albamu yake *Hearts and Bones* kudoda sokoni, mwanamuziki mwenzake alimwazima *Gumboots: Accordion Jive Hits, Volume II*, mkusanyo wa muziki wa vitongoji vya watu weusi vya Afrika Kusini. Simon hakuwajua wapigaji. Hata hivyo aliisikiliza tena na tena akiwa garini, kwa sababu kodiani na gitaa zake zilimkumbusha muziki wa Kimarekani wa miaka ya 1950 aliokulia. Jambo hili ni la msingi kuliko yote katika mada hii: ladha mpya mara nyingi huingia kwa mlango wa ladha ya zamani.

Simon aliuliza nyimbo zile ni za akina nani, akaelekezwa kwa kundi la Boyoyo Boys. Februari 1985 alifika Johannesburg pamoja na fundi wa sauti Roy Halee, na kazi iliyoanzia huko ikazaa *Graceland*, iliyotolewa Agosti 1986 na ambayo mwaka 1987 ilitunukiwa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Safari hiyo ilizua ugomvi mkali, kwani Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Lawama zile zilikuwa na uzito, na anayeipenda albamu hii anapaswa kuzifahamu.

Kwa maelfu ya wasikilizaji, *Graceland* ikawa kile ambacho *Gumboots* ilikuwa kwa Simon. Iliwazoeza masikio. Besi ya Bakithi Kumalo haikai nyuma kushikilia mdundo tu, bali huimba, na aliyeishi na albamu hiyo huanza kuitafuta besi katika kila wimbo anaousikia. Vivyo hivyo kwa gitaa la Ray Phiri, na kwa kodiani ya Forere Motloheloa wa Lesotho inayofungua albamu. Majina yaliyochapwa kwenye jalada yakawa ramani. Wimbo "Homeless" uliwapeleka watu kwa Ladysmith Black Mambazo, kundi la Joseph Shabalala lililokuwa tayari mashuhuri nchini mwake, ambalo albamu yake *Shaka Zulu* ilipata Grammy mwaka 1988. Kutoka kwao msikilizaji makini alirudi nyuma hadi kwa Solomon Linda na "Mbube" ya mwaka 1939, akagundua kwamba uimbaji huo wa sauti za wanaume bila ala ulikuwa na historia ndefu kabla ya mgeni yeyote kuusikia.

Lakini kipimo huweza pia kufunga masikio. *Graceland* imesafishwa kwa ustadi mkubwa studioni. Aliyeifanya kuwa kilele cha muziki wa Afrika Kusini huenda akashtushwa na sauti nzito ya kukwaruza ya mwimbaji Mahlathini, akaiona kasoro, ilhali mngurumo ule ndio fahari ya mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini. Hapo albamu pendwa huwa imeacha kulea ladha na kuanza kuidumaza. Msikilizaji wa *Graceland* na aitafute *The Indestructible Beat of Soweto*, mkusanyo wa mwaka 1985, amsikilize Mahlathini na Ladysmith Black Mambazo wakiwa wenyewe, na aupe muda uleule alioipa albamu yake ya kwanza.