Marekani: Kibali cha bastola hukoma mpakani mwa jimbo

Nchini Marekani hakuna kibali kimoja cha kubeba bastola kinachotambuliwa na majimbo yote. Serikali ya shirikisho huweka masharti ya msingi, kisha kila jimbo kati ya majimbo 50 hujitungia sheria zake kuhusu nani anunue silaha, aiweke nyumbani au atembee nayo hadharani. Hivyo, jambo lililo halali katika jimbo moja laweza kumtia mtu gerezani katika jimbo jirani.

Msingi wa kikatiba

Haki ya kumiliki silaha imo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi, na mwaka 2010 ikaongeza kuwa majimbo nayo yanapaswa kuiheshimu. Juni 2022 ilibatilisha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aoneshe sababu maalumu ya kubeba bastola.

Haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2024, majaji 8 kati ya 9 walikubali kuwa mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia usalama wa mwenzi wake anaweza kuzuiwa kumiliki silaha.

Ukaguzi wa mnunuzi

Tangu mwaka 1998, muuzaji mwenye leseni hulazimika kuhakiki rekodi za mnunuzi kupitia mfumo wa FBI au mamlaka ya jimbo. Wanaokatazwa ni pamoja na waliotiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, wanaokwepa mkono wa sheria na wanaoishi nchini humo kinyume cha sheria. Mauzo kati ya watu binafsi hayalazimiki kupitia ukaguzi huo chini ya sheria ya shirikisho, ingawa baadhi ya majimbo huutaka.

Tofauti za majimbo

Vermont haijawahi kudai kibali cha kubeba bastola. Texas iliondoa sharti hilo Septemba 1, 2021 kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi wasiozuiwa na sheria. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yamechukua mwelekeo huo.

Illinois hufuata njia nyingine. Mkazi anayetaka kumiliki bunduki au risasi sharti awe na kitambulisho maalumu kinachotolewa na polisi wa jimbo. Akitaka kubeba bastola iliyofichwa, huomba leseni ya pili baada ya mafunzo ya saa 16.

Hatari ya kuvuka mpaka huonekana wazi kati ya Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, na Camden, New Jersey. Miji hiyo hutenganishwa na mto Delaware tu. New Jersey haitambui vibali vya majimbo mengine. Anayekamatwa huko na bastola bila kibali cha jimbo hilo hukabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 10.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda msafiri anayepita tu, iwapo silaha ni halali kwake atokako na aendako. Ni lazima isiwe na risasi na isiwe mahali pa kufikika kwa urahisi, kwa mfano ifungiwe ndani ya buti la gari.

Raia wa kigeni

Mwenye ukaazi wa kudumu, maarufu kama "green card", anaweza kumiliki silaha kwa kufuata sheria za jimbo lake. Walioingia kwa viza ya muda, wakiwamo wanafunzi na watalii, kwa kawaida hukatazwa, ila kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji.

Kwao wote, adhabu huweza kuzidi kifungo: asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ameishi humo kwa miaka mingi.