Somo la Pili: Kwa Nini Nimejitosa Kwenye Takwimu

Hapa chuoni wiki hii sisi wa mawasiliano ya umma tuna homa moja tu: kuchagua somo la pili la kubeba pamoja na fani yetu. Fomu zinarudishwa Ijumaa. Rumeti wangu anasema tafuta kozi laini yenye madesa ya kutosha, GPA ipae. Mzee naye kapiga simu kutoka nyumbani: "Mwanangu, chukua sheria, utakula." Mimi nikaenda zangu maktaba na swali moja: hivi waliotuanzishia fani hii, wao walisoma nini?

Jamani, karibu wote walitoka kwenye masomo ya watu wengine!

Tuanze na Joseph Pulitzer, yule mwenye magazeti wa Marekani. Mwaka 1904 aliandika makala ndefu kutetea chuo cha uandishi wa habari, enzi ambazo wengi waliamini mwandishi anapikwa kwenye chumba cha habari tu. Kwenye orodha yake ya masomo kulikuwa na sheria, historia, uchumi, hata takwimu. Yaani kwake kujua kuandika peke yake hakukutosha. Alifariki 1911, na mwaka uliofuata shule iliyotokana na pesa zake ikafunguliwa pale Columbia.

Halafu kuna wale wanne tunaowakariri kila mtihani kama mababa wa fani. Harold Lasswell alikuwa mtu wa sayansi ya siasa, akachambua propaganda ya Vita Kuu ya Kwanza. Kurt Lewin na Carl Hovland walikuwa wanasaikolojia. Hovland alipima jinsi filamu zilivyowabadilisha askari wa Marekani kwenye Vita ya Pili. Wa nne ni Paul Lazarsfeld, mwanahisabati kutoka Vienna. Na Wilbur Schramm, aliyeijenga fani hii kuwa idara za vyuo kule Iowa na Illinois miaka ya 1940? Udaktari wake ulikuwa wa fasihi ya Kiingereza!

Aliyenigusa ni Lazarsfeld. Mwaka 1940, Roosevelt akigombea na Willkie, timu yake ilikwenda wilaya ya Erie, jimbo la Ohio. Walichagua watu 600 kwa utaratibu maalumu, wakawarudia tena na tena kuanzia Mei mpaka Novemba. Wengi walidhani redio na magazeti vinageuza watu kama chapati. Matokeo yakaonyesha waliogeuzwa ni wachache tu. Wengi kampeni ziliwaimarisha pale walipokuwa, na maneno ya ndugu na marafiki yalikuwa na nguvu kubwa. Bila hisabati, nani angeligundua hilo?

Sasa niungame. Mwaka jana, kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, mimi nilifanya "utafiti" wangu. Niliuliza watu 40, nikabandika kwenye gazeti letu la ukutani kwamba jamaa yangu fulani anaongoza kwa mbali. Jamaa akaamini, wiki ya mwisho akapunguza kampeni. Akaangushwa vibaya. Baadaye ndipo nikashtuka: wale 40 karibu wote nilikuwa nimewakuta hall yetu, na hall yetu ndiyo ngome yake! Niliandika Kiswahili kizuri, kichwa cha habari kikali, lakini habari yenyewe ilikuwa uongo. Mpaka leo salamu zake ni za mbali.

Ndiyo maana naona swali la kujiuliza siyo kozi gani ni rahisi, wala ipi italipa. Jiulize: ni kitu gani unataka kukiandika, na unakwama wapi ukikiandika? Anayetaka kuandika habari za mahakamani, mzee wangu yuko sahihi, abebe sheria. Wa habari za mazao na bei, uchumi. Mimi nataka kuandika uchaguzi, na nimeshaona ninapokwama.

Kwa hiyo nimejaza takwimu. Rumeti kacheka mpaka kakaa chini, anasema supu inaninyemelea. Inawezekana, hesabu na mimi hatujawahi kuelewana. Lakini bora supu ya darasani kuliko ile niliyompikia mwenzangu.

Tuombeane, wadau. Ngoja niwahi kafeteria, maharage hayasubiri mtu.