Waliopigana na Wadachi: Kumtafuta Babu Asiye na Jina

Ufukweni Bagamoyo kuna sehemu mbili za ukumbusho, na kutoka moja kwenda nyingine ni mwendo mfupi tu. Ya kwanza ni makaburi ya Wajerumani waliokufa hapo wakati wa vita vya pwani na miaka michache baadaye. Yana majina. Ya pili ni mnara mdogo uliowekwa mahali pa kunyongea watu, na maandishi yake yanasema kwamba hapo wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga Waafrika wanamapinduzi waliopinga utawala wao. Wangapi? Watoto wa nani? Mnara hausemi.

Ukimtafuta babu aliyepigana vita vya 1888 na 1889, unaanzia kwenye kimya hicho. Na mimi nadhani kimya chenyewe kina asili yake: kimetokana na jina ambalo vita vilipewa.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa "vita vya Abushiri". Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi aliyetunga utenzi juu ya vita hivyo wakati damu haijakauka, aliviita vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani kwake yeye mtenda ni Mdachi, aliyekuja kuitwaa pwani. Wajerumani wenyewe waliviita uasi wa Waarabu. Majina matatu, vita vimoja. Lakini ni hilo la tatu lililoandikwa kwenye mafaili, na lilikuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Bismarck, ambaye alihitaji kura za Wakatoliki bungeni, aliona njia: ukisema wanaoasi ni Waarabu wauza watumwa, basi kuwapiga ni kazi ya huruma. Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha alama za Kijerumani milioni 2. Kwa jina hilo, Mzaramo, Mzigua, Mshomvi au Mnyamwezi aliyebeba gobori hakuwa mwasi kamili. Alikuwa mfuasi wa Mwarabu. Na nani anajisumbua kuandika majina ya wafuasi?

Hebu tuviangalie vita vyenyewe. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba wa kuikabidhi pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iendeshe utawala na forodha. Agosti maofisa wa Kampuni wakaingia mijini na bendera yao. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, mtu ambaye hadi leo anasimuliwa kwa dharau aliyoionyesha msikitini. (Huyu ndiye Nyundo, aliyekuja kuuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.) Kampuni ilitaka ardhi iandikishwe na ushuru ulipwe kwake, na majumbe waliozoea kupata haki zao kutoka kwenye misafara wakajiona wamepokonywa. Septemba maofisa wawili wa Kampuni waliuawa Kilwa Kivinje. Mwezi huohuo, Bagamoyo, manowari iitwayo Leipzig ilishusha wanamaji wakaushambulia mji.

Nani walipigana? Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha 1995, anaonyesha kwamba huko Pangani waliochemka kwanza walikuwa watu wa kawaida wa mji na wa mashamba, pamoja na watu wa bara waliokuwa wamejaa mjini, hata wakubwa wakapata shida kuwazuia. Saadani kiongozi alikuwa Bwana Heri bin Juma, na watu wake wengi walikuwa Wazigua. Yeye hakusalimu amri hadi 1890, miezi kadhaa baada ya Abushiri bin Salim al-Harthi kunyongwa Pangani Desemba 1889. Uasi wa Waarabu gani huo, ambao Mwarabu wake mkuu amekwisha kufa na vita bado vinaendelea?

Basi, unatafutia wapi? Kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kuna mafaili ya Kijerumani, mengi yakiwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wanausoma kwa taabu. Mengine yako Berlin. Ndani yake utamkuta Abushiri, utamkuta Bwana Heri, utakutana na hesabu za risasi. Babu yako utamkuta akiwa tarakimu, ukibahatika. Utenzi wa Hemedi ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen katika miaka ya 1950, na ni wa kusomwa na kila mtu wa Mrima, kwa sababu ndani yake vita vinasimuliwa na mtu wa upande wetu. Ila utenzi nao una adabu zake: unawataja wenye cheo na nasaba. Mpagazi hatajwi.

Njia nyingine inapitia kwa mapadre. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868 na ilikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Vita vilipopamba moto, maelfu ya watu walikimbilia kwenye viwanja vyake, na Abushiri aliiacha bila kuigusa. Mapadre walikuwa watu wa kuandika: rejista za ubatizo, ndoa na vifo. Ajabu yake ni kwamba mtoto aliyenunuliwa sokoni na kubatizwa anaweza kuonekana leo kwenye daftari, wakati muungwana wa Kiislamu aliyekufa akiutetea mji haonekani popote.

Hapa ndipo watu hukwama, na si kwa kukosa karatasi. Ukipanda nasaba za pwani hadi kizazi cha nne au cha tano, unafika kwa mtu mwenye jina moja tu. Juma. Mabruki. Hana "bin". Na wazee wanabadilisha mazungumzo, wanakuuliza kama umekula. Mtu wa jina moja mara nyingi alikuwa mtumwa au mzalia, na hakuna familia inayopenda kuanza hadithi ya ushujaa na hilo. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na miwa ya Pangani ilikatwa na watumwa. Wengine wa tabaka hilohilo walishika silaha mwaka ule. Wengine walitumia vurugu kutoroka. Huwezi kujua babu yako alifanya lipi ikiwa kwanza hukubali kwamba alikuwa mtumwa.

Kuna na aibu ya pili. Hermann von Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Aliajiri Wasudani wapatao 600 huko Misri, akaongeza mamia ya watu kutoka Msumbiji walioitwa "Wazulu", na ndio waliolivamia boma la Abushiri nje ya Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Baada ya vita wengi walibaki wakaoa wanawake wa hapahapa. Sanamu ya Wissmann iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909 ilikuwa na askari Mwafrika chini yake, akimtazama juu. Ilihamishiwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Wajukuu wa yule askari, kwa upande wao, wako Magomeni na Kariakoo, na wako Bagamoyo.

Kwingine nchini kazi hii imesogea. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kutoka Kilimanjaro na ndugu walio hai, na Novemba mwaka huo Rais Steinmeier aliomba radhi Songea. Lakini Wachagga walikuwa na mangi na ukoo wa mangi, na Songea kuna orodha ya mashujaa walionyongwa 1906, na makumbusho. Kipimo kinahitaji fuvu upande mmoja na ukoo unaojitokeza upande wa pili. Pwani hatuna orodha, na nusu ya koo zetu bado hazitaki kujitokeza.

Kwetu, bibi mzaa baba alikuwa akisema baba wa babu yake "alikwenda na Bwana Heri akarudi na mkono mmoja". Jina alilitaja: moja tu, bila bin. Nikaandika. Upande wa mama wanajua zaidi, maana mkubwa wao alikuwa ombasha kwa Mdachi, na cheo kina karatasi. Kwenye shajara ninayoichora, safu ya 1889 ina watu hao wawili. Mama ameniomba yule wa mkono mmoja nimwandike juu, kwa wino mweusi, na huyu wa kwao nimwache kwanza kwa penseli.