Vita vya Ufuoni: Habari za Tanga, 1914, na Vyombo Viendavyo Kasi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za namna moja ya vita, nayo ni kushusha askari kutoka baharini ili waishike nchi kavu. Wanajeshi wengi husema ya kuwa hakuna kazi ngumu kupita hiyo. Askari aliye ndani ya chombo hawezi kujificha nyuma ya mti wala kulala shimoni. Akishuka, maji humfika kiunoni, bunduki ameiinua juu ya kichwa, na adui amekaa kimya vichakani akimngoja. Basi saa ile chache ya kuvuka kutoka kilindini mpaka mchangani ndiyo iamuayo nani atashinda.

Wazee wetu walituachia mithali mbili ambazo kwa nje zaonekana kama zapingana. Moja yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika vita vya ufuoni zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake. Katika kupeleleza pwani na kufanya shauri, yafaa mtu aende polepole. Lakini akisha kuanza kuvuka, asikawie hata kidogo. Palipo na haja ya polepole mtu akifanya haraka, na palipo na haja ya haraka akafanya polepole, hupata msiba. Ushahidi wa neno hili tunao papa hapa kwetu, Tanga.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, nchi ya Tanganyika ilikuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani. Waingereza wakakusanya jeshi huko Bara Hindi, jumla yake watu kama 8,000, chini ya Jemadari Aitken. Wakasafiri kutoka Bombay katikati ya Oktoba kwa msafara wa merikebu nyingi. Wengine walikuwa wamekaa melini kwa majuma mengi, wakiugua bahari, na baadhi yao walikuwa hawajapata kupigana vita kamwe. Walikuwamo pia Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire, na askari wa Kashmir waliokuwa mashujaa wa milimani.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914, manowari iitwayo Fox ilitangulia peke yake, ikaingia bandarini. Nahodha wake, Caulfeild, akamwita bwana shauri wa Kidachi, jina lake Auracher, akamwambia ya kuwa mapatano yaliyofanywa Agosti, ya kutoipiga bandari, yamevunjwa, na ya kuwa mji sharti utolewe. Tena akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu ya baharini. Auracher akarudi mjini. Simu ikapigwa mara moja kwa Kamanda wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Moshi.

Sasa tazameni hesabu ilivyokuwa. Asubuhi ile askari wa Kidachi waliokuwamo Tanga walikuwa wachache mno. Lau jeshi lingalishuka saa ile, labda mji ungalichukuliwa bila taabu kubwa. Lakini kwanza Waingereza wakasafisha njia ya maji kwa hofu ya mabomu yasiyokuwako. Kisha wakaamua kushuka, si bandarini, bali Ras Kasone, penye mikoko na magenge. Na walishushwa kwa nini? Kwa matishali na mashua zilizokokotwa. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa tishali ni nini, kwa kuwa kwa miaka mingi shehena ya bandari hiyo ilipakuliwa kwa matishali. Ni chombo kizuri cha kubebea katani na magunia, walakini hakina mwendo. Mwezi ulikuwa mpevu usiku ule, na siku za mwezi mpevu, kama ajuavyo kila mvuvi, ndizo siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Askari wakashuka kikosi kwa kikosi, wakipita katika maji na matope.

Wakati huo chombo kingine kilikuwa mbioni, nacho ni gari la moshi. Reli ya Usambara ilikuwa imekwisha fika Moshi tangu 1911, njia ya kilometa 352. Lettow-Vorbeck akawapakia askari wake katika mabehewa. Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili vya Kihindi vilipojaribu kuuendea mji, askari wa kwanza waliotoka bara walikuwa wamekwisha wasili. Wakawapiga Wahindi ubavuni, na watu kama 300 wakafa au kujeruhiwa. Usiku uliofuata Lettow-Vorbeck mwenyewe akafika. Akapanda baiskeli, akaenda kuitazama nchi kwa macho yake mpaka karibu na mahali walipokuwa adui zake.

Angalieni tofauti hiyo, kwa maana ndiyo kiini cha habari yetu. Mwenye kutetea mji alikwenda kupeleleza usiku, njia kwa njia. Mwenye kuushambulia hakupeleleza pwani kwanza. Hata askari wa King's African Rifles, walioizoea nchi yetu na vita vya vichakani, alipopewa wamsaidie, aliwakataa. Katika kupeleleza alifanya haraka, na katika kuvuka alifanya polepole. Tangu asubuhi ya tangazo mpaka adhuhuri ya mashambulio makubwa, tarehe 4 Novemba, zilipita zaidi ya siku mbili. Wadachi wakawa wamekusanya watu kama 1,000.

Vita vya siku ile vilikuwa vikali. Jua lilichoma, na vikosi vikapoteana katika vichaka na mashamba. Mizinga ya milimani iliyotoka Bara Hindi haikushushwa kamwe. Ilipigwa kutoka juu ya meli, na wapigaji hawakuona vema wampigaye. Lakini mizinga ya namna ya pili ilikuwako nchi kavu, yaani mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini na wenyeji. Risasi zilipoipasua, nyuki wakatoka kwa hasira, wakawauma watu wa pande zote mbili. Ndiyo sababu Waingereza wengine waliviita vita vile vita vya nyuki. Watu wa Loyal North Lancashire na wa Kashmir waliingia mpaka ndani ya mji, wakapigana nyumba kwa nyumba. Lakini upande wa kushoto vikosi vya Kihindi vilipigwa vibaya na bunduki za bombomu, na mwisho wote wakarudi nyuma.

Tarehe 5 Novemba wakapanda tena matishali yao. Kwa kuwa kupakia nako ni kazi ya polepole, waliacha ufuoni mali nyingi. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye ya kuwa alipata silaha za kutosha zaidi ya kampuni tatu, bombomu 16, na risasi 600,000. Kwa vitu hivyo aliweza kuendelea na vita. Katika jeshi la Waingereza waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walizidi 800. Upande wa Wadachi waliokufa walikuwa kama 70, wengi wao askari Waafrika. Tanga haikuingia mikononi mwa Waingereza mpaka tarehe 7 Julai 1916.

Huenda mtauliza, je, kungalikuwa na vyombo vyepesi, mambo yangalikuwa mengine? Katika vita vile vile jibu lilipatikana, si baharini bali ziwani. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, urefu wa kila moja kama meta 12. Zilichukuliwa kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wengi juu ya milima ya Kongo, hata zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Kidachi, Kingani. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, na zile mashua, kwa wepesi wake, zikaizunguka nyuma. Tarehe 9 Februari 1916 meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Hapo watu waliona ya kuwa kidogo chenye mbio chaweza kushinda kikubwa kizito.

Tangu siku hizo mataifa mengi yamejitahidi kutengeneza vyombo vya ufuoni vyenye mbio. Tuchukue mfano wa Warusi. Wanacho kiitwacho Serna, ambacho husukuma hewa chini ya tumbo lake ili kiteleze juu ya maji. Chaweza kuchukua kifaru kimoja cha tani 45, au askari 92, kwa mwendo wa kilometa kama 55 kwa saa. Wanazo pia boti ndogo zaidi, BK-16 na Raptor, zenye urefu wa kama meta 17, zichukuazo askari 20 hivi. Hazisukumwi na rafadha, ila huvuta maji ndani na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na kwa hiyo zaweza kupita penye maji machache. Raptor huenda kilometa kama 88 kwa saa. Wanafunzi wafanye hesabu: umbali wa kilometa tano kutoka kilindini mpaka pwani, Raptor huumaliza kwa muda usiofika dakika nne. Tishali likokotwalo kwa mwendo wa mtu atembeaye lingetaka saa nzima.

Lakini msidhani ya kuwa mbio peke yake ni ngao. Mwezi wa Mei 2022, katika vita vya Urusi na Ukraine, boti za Raptor na Serna moja zilikuwa karibu na Kisiwa cha Nyoka, katika Bahari Nyeusi. Watu wa Ukraine walikuwa na ndege zisizo na rubani ndani yake, zikaazo angani kwa saa nyingi zikitazama chini. Ndege hizo ziliziona boti, zikazipiga tarehe 2 Mei, na ile Serna tarehe 7 Mei, ikiwa imefika gatini. Tarehe 30 Juni 2022 Warusi wakaondoka kisiwani. Chombo cha kilometa 88 kwa saa hakikufaa kitu palipokuwa na jicho lililokwisha kukiona.

Kwa hiyo twarudi kwenye mithali zetu mbili. Mbio za chombo zapunguza ile saa ya hatari, lakini haziwezi kuchukua mahali pa siri wala pa kuijua pwani. Ras Kasone mwaka 1914 siri ilikuwa imekwisha tolewa kabla ya askari wa kwanza kukanyaga mchanga. Hata kama wangalipewa boti za leo, wangaliishukia pwani wasiyoijua.

Makaburi ya waliokufa katika vita vile yako Tanga hata leo, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Wengi wao hawakuulizwa shauri lolote. Waliambiwa washuke, wakashuka, au waliambiwa wasimame, wakasimama. Nanyi wanafunzi wa pwani, mwendapo ufuoni maji yakiwa yamekupwa, tazameni mikoko, matope na umbali wa kilindi. Pimeni kwa hatua zenu wenyewe jinsi mtu alivyolazimika kutembea majini huku akipigwa risasi. Hapo mtaielewa habari hii.