Kumbukumbu za Wapenzi wa Jazi Kuwa Ushahidi wa Historia

Wazee waliopenda dansi wakikutana na kutaja usiku wa kwanza waliowasikia wapigaji wa bendi yao, wasomi wengi huyahesabu maneno yao kuwa ni soga. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba soga hiyo ni ushahidi, nao ni wa namna ambayo santuri haiwezi kuutoa.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapigaji liliingia katika Kiswahili mara mbili. Kwanza lilikuja kwa sura ya *beni*, ngoma ya pwani ya mwisho wa karne ya 19 iliyoelezwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Baadaye likaja kwa sura ya *bendi*, pamoja na magitaa na dansi. Neno *jazi* lina safari ya ajabu zaidi. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958, Western Jazz mwaka 1959, na NUTA Jazz mwaka 1964. Wala hakuna hata moja iliyojulikana kwa kupiga muziki wa New Orleans. Mapigo yao yalitokana zaidi na rumba ya Kuba, iliyoenea kwa santuri za GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Hivyo kwetu sisi jazi haikuwa jina la muziki, bali la kundi. Muziki wenyewe uliitwa *mtindo*, na kila bendi ilikuwa na wake: saboso ya Western, msondo wa NUTA. Msondo ni ngoma ndefu iliyojulikana kabla gitaa halijafika. Msomaji ataona kwamba jina la bendi lilikuwa la kigeni, lakini jina la kile kilichochezwa lilikuwa la nyumbani.

Sasa tuitazame santuri. Upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza mashairi huimbwa kwa utulivu, kisha huja *chemko*, ambapo magitaa na tarumbeta hushika mbio na maneno hupungua. Katika ukumbi chemko haikupimwa kwa saa. Iliendelea maadamu wachezaji walikuwa hawajachoka. Mtayarishaji wa santuri, aliyebanwa na dakika zake, alilazimika kuifupisha. Basi anayeandika historia ya dansi kwa kusikiliza santuri peke yake ameupata mwanzo wa wimbo, akaukosa mwili wake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote kwa ajali za barabarani. Kilichobaki ni santuri, kanda za redio, na watu waliokuwapo.

Lakini si kila aliyependa alikuwapo, na hapo mtafiti hana budi kuwa mwangalifu. Nyakakika, katika Karagwe, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wa mahali kama hapo, katika uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, bendi mashuhuri ilikuwa kwanza sauti ya redio: Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951, kisha shirika la utangazaji la Tanganyika la mwaka 1956, kisha Radio Tanzania tangu 1965. Miaka ikipita, yaliyosikiwa redioni na yaliyoonwa ukumbini huweza kuchanganyika katika kumbukumbu moja. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "Unakumbuka nini?" bali "Ulikuwa umesimama wapi?"

Huko huko Kagera tunao mfano wa kutuongoza. Tendi za enanga huimbwa kwa ala ya nyuzi mbele ya hadhira, na M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tendi hizo za Wahaya, alizichunguza kama sanaa inayotendwa. Leo hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi anayethubutu kuuchambua utendi kana kwamba hapakuwa na wasikilizaji. Iweje basi dansi, ambayo nayo ilitendwa usiku kucha mbele ya watu wanaoitikia kwa miguu, ichambuliwe kwa maneno ya wimbo tu? Nadhani sababu ni moja: enanga tumeiita sanaa, na dansi tumeiita starehe.

Ni kweli kwamba mapenzi huitia kumbukumbu asali. Ujana wa msimulizi huufanya usiku uwe mrefu na gitaa liwe tamu. Hata hivyo lugha yake hutupa njia ya kumpima. Mtu akisema kwamba aliicheza Juwata mwaka 1966, ametumia jina la mwisho wa miaka ya 1970 kwa bendi ambayo wakati ule iliitwa NUTA. Tarehe au jina limeteleza, lakini dansi huenda ni ya kweli. Mtu akisema kwamba alimsikia Mbaraka katika Morogoro Jazz kabla ya mwaka 1965, amemtanguliza mpigaji. Makosa ya namna hii hayaubatilishi ushahidi. Hutuonyesha jinsi ulivyojengwa.

Aliyekuwa na miaka 20 NUTA Jazz ilipoanza sasa amepita 80. Santuri zaweza kungoja katika makabati, yeye hangoji. Yafaa basi msamiati wa dansi ukusanywe sasa, kila neno pamoja na mahali liliposemwa na mtu alichokuwa akikifanya liliposemwa, na pale ambapo mzee wa Nyakakika hulikumbuka jambo kwa Kinyambo, liandikwe kwa Kinyambo kwanza. Kamusi itakayotueleza maana ya chemko bila kumuuliza aliyeicheza itakuwa na neno, lakini haitakuwa na maana yake.