Mtambo, Kamani na Kifyatulio

Hapo zamani neno mtambo lilitaja kamani, mtego na hata kifyatulio cha bunduki. Ujumla huo humponza mfasiri wa maelezo ya bastola ya Colt ya mwaka 1873, ambayo nyundo yake huvutwa kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Humo kamani moja bapa, yenye miguu miwili, husukuma kifyatulio na komeo la silinda. Ukivunjika mguu mmoja, kifyatulio hulegea. Ukivunjika wa pili, silinda haifungiki barabara. Mwaka 1953 Ruger walileta bastola ya namna hiyo yenye kamani za koili, zilizo imara zaidi. Tukiandika “mtambo umevunjika”, fundi abadilishe kipi? Twapendekeza kinachovutwa kiitwe kifyatulio, na kinachosukuma, kamani.