Elton, Mkwawa na simba wa Njombe: vitabu vya kusoma kabla ya kupanda basi la Mbeya

Mwaka 1877 Frederic Elton, konseli wa Uingereza nchini Msumbiji, alijikuta ndani ya boma la Merere, mtemi wa Wasangu, huku Wahehe wamelizingira. Alikuwa anatoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa na wenzake wachache, mmoja wao Herbert Rhodes, kaka yake yule Cecil Rhodes. Walichotaka ni njia ya kuwafikisha pwani. Wakaangukia ugomvi wa watu. Elton alitoka humo salama, lakini hakuiona pwani. Alifia Ugogo Desemba ya mwaka huohuo. Madaftari yake yalihaririwa na H. B. Cotterill, aliyekuwa naye msafarani, yakachapwa mwaka 1879 kwa jina refu la *Travels and Researches among the Lakes and Mountains of Eastern and Central Africa*. Uwanda aliouvuka uliitwa kwa jina lake miaka mingi. Leo sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu.

Naanza na Elton kwa sababu kitabu chake kina utamu na kasoro za karibu kila kitabu cha safari na vita kilichoandikwa kuhusu Iringa na Mbeya. Utamu ni kwamba mwandishi alikuwapo, na risasi zililia akizisikia. Kasoro ni kwamba alikuwa upande mmoja wa ukuta. Kwa nini Wahehe na Wasangu walikuwa wanapigana, nani alimwonea nani, hayo anayaona kwa mbali, kama mgeni aliyefika msibani asiyemjua marehemu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa msomaji ni mmoja: vitabu hivi visomwe viwiliwili.

Wa kumsoma pamoja na Elton ni Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka 21 tu pale kiongozi wa msafara wao, Keith Johnston, alipofariki Behobeho Juni 1879. Kijana akaachiwa msafara mzima. Alipita Uhehe na Ubena, akafika Nyasa, akaendelea hadi Tanganyika, na mwaka 1881 akatoa *To the Central African Lakes and Back*. Kwa ufundi wa kusimulia namweka juu ya Elton. Anajicheka, na hana haraka ya kufyatua bunduki. Ila msomaji makini atagundua upesi kwamba uti wa mgongo wa safari ile ni Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Chuma ndiye aliyejua kuwasemesha watemi na kuwatuliza wapagazi.

Kuhusu Mkwawa, mtemi wa Wahehe, vitabu vimejaa. Habari yenyewe inajulikana: Agosti 17, 1891, pale Lugalo, jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, liliteketezwa na Wahehe, naye akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakaibomoa Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mkwawa akaingia porini, akawasumbua miaka mingine minne, hadi alipojipiga risasi Mlambalasi Julai 1898 asikamatwe mzima. Tom von Prince, aliyeongoza kuivamia Kalenga, aliandika *Gegen Araber und Wahehe*, kilichotoka mwaka 1914, mwaka aliouawa vitani Tanga. Ni kitabu cha askari anayejipigia makofi.

Mkewe, Magdalene, anasomeka vizuri zaidi. Aliishi Iringa tangu mwaka 1896, mji ukiwa ndiyo kwanza unajengwa, na kitabu chake cha mwaka 1903 kinaichanganya vita na mambo ya nyumbani: bustani, watumishi, mume asiyerudi kutoka porini. Ndicho kinachotisha kuliko vyote. Kifo cha mtawala wa nchi anakipokea kama habari njema ya familia. Kwa mtu anayetaka kuujua ukoloni ulivyokaa sebuleni, mama huyu anafundisha kuliko majenerali.

Upande wa pili yupo Michael Musso na *Mukwava na Kabila Lake*, kitabu cha Kiswahili cha mwaka 1968. Ukikiona kwenye meza ya vitabu vya mitumba, usikiache. Usikichanganye na *Mukwava wa Uhehe* cha Mugyabuso Mulokozi. Hicho ni tamthilia, nacho kina nafasi yake. Anayetaka kujua kichwa cha Mkwawa, kilichokatwa na Wajerumani alipokufa, kilivyozunguka, tangu Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulioitaka Ujerumani ikirudishe, hadi Gavana Twining alipokikabidhi Kalenga mwaka 1954 baada ya kulichambua rundo la mafuvu ya makumbusho ya Bremen, atafute *Eine Kopfjagd* cha Martin Baer na Olaf Schröter, cha mwaka 2001. Kinasomeka kama upelelezi, kwa wanaojua Kijerumani.

Lugha ndiyo inayoudhi: vingi vya vitabu hivi ni vya lugha za kigeni. Hata hivyo, vitabu vya safari kwa Kiswahili vilikuwapo zamani. Carl Velten alichapa *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901, na humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija, akieleza jinsi msafara wa Mjerumani Wissmann ulivyopeleka stima Ziwa Nyasa, ikiwa vipandevipande, kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Mtu huyohuyo alifika Urusi na Siberia, na hayo nayo ameyaandika. Ni maelezo ya mtu aliyekwenda kazini, anayehesabu siku na posho, asiyejifanya shujaa wa jambo lolote. Lyndon Harries aliyatoa tena maandishi hayo mwaka 1965 katika *Swahili Prose Texts*.

Lakini kama nafasi ni ya kitabu kimoja tu, mimi nawaacha wapelelezi na maaskari wote, namchukua Bibi Narwimba. Utengule, karibu na Mbeya, palepale palipokuwa na boma la Merere, Wamoraviani walifungua misheni, na mmisionari Elise Kootz-Kretschmer akakaa na wanawake waliopitia enzi za utumwa, akawaandika. Narwimba anasimulia kwamba alipofiwa na mume, aliomba mwenyewe arithiwe na mpwa wa marehemu, apate wa kumlinda yeye na wanawe. Hakuna bunduki ukurasa huo, na hofu yake inazidi ya Elton bomani. Mwanamke mwingine, Chisi, alitekwa akiwa mtoto, akapita mikono mingi. Mwanahistoria Marcia Wright amewakusanya katika *Strategies of Slaves and Women*, cha mwaka 1993. Utangulizi wake ni wa kichuo mno. Uruke, uanze na sauti za akina mama.

Kwa wapenda mambo ya porini, George Rushby hana mpinzani. Alikuwa mwindaji wa ndovu, akachimba dhahabu Lupa, akalima kahawa chini ya milima ya Mbeya, kisha akaingia idara ya wanyamapori na kuwamaliza simba wala watu wa Njombe katika miaka ya 1940. Vipo viwili vya kuchagua: *The Hunter Is Death* cha T. V. Bulpin (1962), au chake mwenyewe, *No More the Tusker* (1965). Bulpin ana chumvi na anajua kukufanya ukeshe. Rushby ni mkavu, ila ndiye aliyekuwapo. Nakubali kushikwa na Bulpin usiku, asubuhi nimrudie Rushby.

Ile hesabu ya watu 1,500 wanaosemekana kuliwa na simba hao ipokee kwa tahadhari. Simba wawili wa Tsavo, Kenya, aliowatangaza J. H. Patterson mwaka 1907, walisemekana kuua watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya yao wakakadiria kama 35. Kilicho na thamani zaidi katika habari ya Njombe ni imani ya wanakijiji kwamba simba walitumwa na mganga, na jinsi hofu hiyo ilivyowanyamazisha wasiwataje hata kwa majina.

Vita Kuu ya Kwanza naipita haraka. *Tip and Run* cha Edward Paice (2007) kinatosha, na safari ya Mjerumani Kapteni Wintgens, aliyechomoka upande wa kusini Februari 1917 akakimbilia kaskazini hadi jirani na Tabora, inastahili filamu. Kitabu ni kinene, na wapagazi wanapewa haki yao.

Cha mwisho ni cha karibuni: *Africa's Freedom Railway* cha Jamie Monson (2009), kuhusu reli ya TAZARA na kilomita zake 1,860. Wengi wangetarajia Nyerere, Kaunda na Mao ukurasa hadi ukurasa. Wamo, lakini Monson alikwenda pia stesheni, akachambua stakabadhi za vifurushi, akafuata nani alipakia mpunga, nani ndizi, na walikuwa wanampelekea nani. Anayepanda treni kwenda Mbeya akisome kati ya Mlimba na Makambako, reli inapopanda milima na mahandaki yanapofuatana, maana hata wajenzi wenyewe ndipo walipopata taabu kubwa kuliko mahali pengine popote njiani.